Bei ya Kuzibua Chimni

Watu wakinisimamisha sokoni Litein kuniuliza kusafisha chimni ni pesa ngapi, mimi huwauliza kwanza wanachoma nini ndani yake. Wananitazama kama mtu anayekwepa jibu. Basi nawaambia: kwa nyumba isiyo ya ghorofa, chimni moja, kama hakuna kitu ndani ila masizi, jiandaeni na elfu tatu au nne hivi, na nauli ya fundi. Kukiwa na kiota au tofali lililoanguka, bei itapanda, na ni haki yake. Lakini anayetaja bei kabla hajapanda juu ya nyumba, huyo ametazama gari lenu, hajatazama chimni. Hayo ndiyo naweza kusema nikiwa nimesimama na kikapu mkononi. Yaliyobaki yanataka mtu aketi.

Nyumba yetu iko mlimani, nje kidogo ya mji. Aliyeijenga alikuwa karani katika shamba kubwa la chai, na alipostaafu akataka sebule yenye mahali pa moto kama alivyoona katika nyumba za mameneja. Alipofariki, watoto wake, ambao wote wako Nairobi, walituuzia. Sisi tulipenda mawe yake na ukubwa wa madirisha. Mahali pale pa moto tuliweka maua ya plastiki, tukapasahau.

Kisha mama ya mume wangu akaja kukaa nasi. Tulimwita Kogo, kama watoto wetu, waliokwisha kuondoka nyumbani, walivyomwita bibi yao. Magoti yalikuwa yamemshinda na hakuweza tena kukaa peke yake kule kwake, upande wa Bomet. Alifika msimu wa baridi, wakati ukungu unalala juu ya majani chai mpaka saa nne asubuhi, na jambo la kwanza alilosema alipoingia sebuleni ni kwamba nyumba hii ni baridi kama kaburi. Mume wangu aliumia kusikia hivyo. Jioni hiyo hiyo aliondoa maua, akawasha kuni za mkaratusi.

Moshi ulirudi wote ndani. Tulifungua milango, tukakohoa, tukacheka. Kesho yake akaleta gunia la makaa.

"Makaa hayana moshi," alisema. "Kogo atapata joto, na sisi macho yetu yatapona."

Alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi mjini, kwa hivyo alikuja pia na sponji na gundi, akaziba nyufa zote za madirisha. Sebule ikawa na joto la kupendeza. Kogo alihamishia kiti chake karibu kabisa na makaa, na hapo ndipo alipokaa kutwa, blanketi magotini.

Ilikuwa likizo ya Agosti, na mimi, nikiwa mwalimu, nilishinda nyumbani naye. Sikumbuki siku mambo yalipoanza. Nakumbuka kichwa kuniuma kila alasiri, uzito wa kifua, na hisia kwamba kuna mtu nyuma yangu aliyekuwa karibu kusema neno. Nilikuwa nikigeuka mara kwa mara. Siku moja, nikiwa nimesinzia kwenye kochi, nilisikia maji yakimiminwa jikoni. Yalimiminwa polepole, kama mtu anayechunga yasimwagike. Nilienda kuangalia. Mfereji ulikuwa umefungwa na ndoo ilikuwa kavu. Nilisikia tena siku nyingine, na nyingine. Sikumwambia mtu. Ningeanzaje? Mtu mzima, mwalimu, mke wa mzee wa kanisa.

Tulikuwa na vifaranga katika katoni kando ya moto, wapate joto. Asubuhi moja tuliwakuta wamelala ubavu wote, miguu imenyooka. Mume wangu alisema ni ugonjwa. Kogo aliwatazama tu, kisha akatabasamu kidogo, na tabasamu hilo lilinitia hofu kuliko vifo vyenyewe.

Kwa maana Kogo alikuwa ameanza kuongea na mtu. Nilimsikia kutoka jikoni, kwa Kipsigis, sauti ya chini na tamu ambayo hakuwahi kuitumia kwetu. Alikuwa akiuliza, ananyamaza, anacheka, anauliza tena. Nilipoingia nilimkuta peke yake, uso umeelekea mlangoni.

"Unaongea na nani, Kogo?"

"Na msichana wangu," alisema. "Amekuja."

Mume wangu alikuwa na kaka wawili. Sikuwahi kusikia kwamba kulikuwa na msichana. Nilipomuuliza usiku huo alivua viatu bila kunitazama, akasema, "Alikuwepo. Alikufa mdogo. Hatumtaji," na akazima taa.

Niliwaita akina mama wa kanisa waje kuomba. Walikuja alasiri wakiwa wengi, wakafunga mlango kwa sababu ya upepo, wakaimba kwa nguvu mbele ya makaa mekundu. Katikati ya maombi mmoja wao alishika kichwa na kusema anaona giza. Mwingine alitoka nje akatapika kwenye maua yangu. Aliyekuwa akiongoza alikatiza wimbo, akachukua mkoba wake.

"Mwalimu," aliniambia tukiwa nje langoni, bila kunishika mkono, "humu ndani kuna kitu. Hatutakudanganya."

Baada ya hapo hakuna aliyekuja tena kunywa chai kwetu.

Mwisho wake ulikuja Kogo alipoanguka kutoka kitini. Midomo ilikuwa na rangi ya ajabu na hakunijua. Nilimwita mume wangu, tukambeba hadi hospitali ya Kapkatet, na njiani, madirisha ya gari yakiwa wazi, alianza kupata nafuu na kulalamika baridi. Daktari alikuwa msichana mdogo mwenye usingizi machoni. Alimwekea hewa ya oksijeni, akampima, halafu akanigeukia mimi.

"Na wewe mama, kichwa kinakuuma?"

"Kila siku."

"Ukiwa nje?"

Nilifikiri. "Hapana. Nikiwa nyumbani."

"Mnawasha jiko la makaa ndani?"

Alitueleza polepole. Makaa hayatoi moshi lakini hutoa hewa yenye sumu, haina harufu, haionekani. Inaingia kwenye damu, inauma kichwa, inaleta kichefuchefu, na ikizidi mtu anaweza kuona na kusikia vitu ambavyo havipo. Ikizidi zaidi analala asiamke. Alisema kila msimu wa baridi wanaletewa watu kama sisi, na wengine wanachelewa kufika. Mume wangu alikaa kwenye benchi akashika kichwa kwa mikono miwili. Sponji zile alizibandika mwenyewe.

Ndipo tukatafuta mtu wa chimni. Wa kwanza tulimpata kwa simu kutoka Kericho. Alisema ana mashine ya kunyonya, kazi ni elfu kumi na nane, na kabla sijapumua akashuka hadi kumi na mbili. Mume wangu alisema hata bonasi ya mwaka, ile kiwanda hulipa kwa majani chai ya shamba la kwao, haijaingia. Wa pili alikuwa mtu wa Sosiot ambaye aliwahi kusafisha chimni za nyumba za mashamba makubwa. Huyo alikuja na ngazi, brashi ndefu ya waya na maneno mengi. Alipanda juu, akamulika tochi, akashuka.

"Kama ingekuwa masizi tu ningesema elfu tatu na nusu," alisema. "Lakini kuna kiota humo cha miaka, na tofali limekaa juu yake kama kifuniko. Elfu sita, na chakula cha mchana."

Tulikubaliana elfu tano na nusu na chakula. Alitoa vijiti, nyasi zilizooza, manyoya na mifupa midogo ya ndege, vikajaa magunia. Alisahau kufunika kochi langu, na mpaka leo lina doa jeusi ambalo nililipigia kelele asubuhi nzima. Mwishoni aliwasha gazeti mahali pa moto, na moshi ukapanda moja kwa moja, kama umevutwa kwa kamba. Mume wangu alibandua sponji zote kwa kisu. Hewa ya mlimani ikaingia, baridi, yenye harufu ya chai kutoka kiwandani.

Kichwa changu kilipona. Maji jikoni yalinyamaza. Tukawa tunachoma kuni kavu, na nyumba ikawa nyumba.

Kogo alikaa kwenye kiti chake siku kadhaa, ameelekea mlangoni. Alikula kidogo. Hakuongea. Alasiri moja nikimpelekea chai aliniuliza, "Yule mtu wa brashi, mlimlipa pesa ngapi?"

Nilidhani anajali matumizi yetu, kama wazee wanavyojali. Nikamtajia.

Alitikisa kichwa taratibu. "Elfu tano na nusu," alisema, "kumfukuza mtoto wangu."

Nilisimama na kikombe. Nilijaribu kumweleza ya daktari, hewa, damu. Alinisikiliza kwa heshima mpaka nikamaliza, kisha akageukia mlango tena.

Shule zilifunguliwa, nikamtafutia mama mmoja jirani wa kumwangalia mchana. Siku moja nilirudi mapema, nikamkuta yule mama shambani akimtafutia ng'ombe nyasi. Sebuleni hapakuwa na mtu. Mlango wa chumba cha Kogo ulikuwa umefungwa na chini yake blanketi limesukumiwa kwa ndani. Niliita. Nilisukuma kwa bega. Ndani kulikuwa na joto zito, na jiko la jikoni, lile dogo la kuchomea mahindi, lilikuwa limejaa makaa mekundu katikati ya sakafu. Sijui magoti yale yalilibebaje. Kogo alikuwa ameketi kitandani amevaa nguo yake ya kanisani.

Nilimkokota hadi nje, kwenye nyasi. Alikuwa mwepesi. Yule jirani alikuja mbio akapiga mayowe, akaenda kulitoa jiko. Kogo alipumua, akatapika kidogo, akafungua macho.

"Mbona umenitoa?" aliniuliza. "Alikuwa karibu kuja."

Nilitaka kumkemea. Badala yake niliketi kwenye nyasi, nikaweka kichwa chake mapajani mwangu, na kwa mara ya kwanza nikamuuliza: "Alikuwa mtoto wa namna gani?"

Akaniambia. Alikuwa mkubwa wa kutosha kwenda mtoni peke yake. Msimu huo kulikuwa na homa vijijini. Asubuhi moja mtoto alisema mwili unamuuma, na Kogo, ambaye alikuwa na majani ya kuchuma kabla gari la kiwanda halijapita, alimwambia alete maji kwanza, kisha apumzike. Aliporudi jioni alikuta mtungi umejaa hadi juu. Mtoto alikuwa amelala kando yake. Hakuamka.

"Anapokuja," Kogo alisema, "huwa haingii kwanza. Anamimina maji. Polepole, asimwage. Nikisikia maji yameisha, najua sasa ataingia."

Sikuwa nimemwambia yeye wala mtu yeyote habari ya maji niliyoyasikia jikoni. Nimejaribu tangu hapo kujieleza: labda niliwahi kuota kwa sauti, labda hewa ile huwapa watu wote sauti ya maji. Nilimuuliza daktari yule tulipomrudisha Kogo kupimwa, akasema hajui, na nilimheshimu kwa kusema hajui.

Mume wangu nilimweleza yote, ya mtungi na ya majani. Alikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni dada yake alipokufa, hakujua alivyokufa. Jioni hiyo aliketi kwenye kiti kidogo mbele ya mama yake, mtu mzima na tumbo lake, akamuuliza jina la dada yake. Kogo alilitaja. Nilikuwa mlangoni na sitaliandika hapa, kwa sababu walilipata kwa shida na ni lao. Waliongea hadi kuni zikawa majivu, na nikamsikia Kogo akicheka kile kicheko cha chini. Safari hii palikuwa na mtu wa kukijibu.

Likizo ya Desemba alituomba tumpeleke kwake, upande wa Bomet, siku moja tu. Alitembea kwa fimbo kati ya mistari ya chai, mume wangu amemshika kiwiko, mpaka akasimama mahali ambapo hapakuwa na alama yoyote. Chai ilipandwa juu ya kaburi la mtoto miaka mingi iliyopita na baba ya mume wangu, ambaye hakutaka kilio kirefu.

"Hapa," alisema.

Mume wangu alitazama vichaka vile. "Nimechuma hapa utoto wangu wote," alisema. "Mama, nimechuma hapa na kuimba."

Kogo alifariki mwaka uliofuata, kwa uzee, dirisha likiwa wazi kama alivyoagizwa na daktari. Tulimzika kwenye mwisho wa mistari hiyo. Mume wangu aliwaambia wachumaji wasiguse vichaka vinane au tisa vinavyozunguka mahali pale, na wao hawakuuliza kwa nini. Chai isipochumwa haikai kichaka. Imekuwa miti sasa, inapita kimo cha mtu, na ina maua meupe madogo yenye moyo wa njano, ambayo watu wengi waliozaliwa kwenye chai hawajawahi kuyaona.