Shangazi kwa Masista wa Kibenedikto

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa nasoma elimu ya dini huko Nyundo, karibu na Gisenyi, nikijiandaa kuwa mwalimu wa katekisimu. Nilikuwa nimekulia Tanzania, na masomo yote yalikuwa kwa Kifaransa, lugha niliyoijua kidogo tu. Nilikariri mpaka maneno yakapoteza maana. Kibaya zaidi, sikuweza tena kusali. Nikifungua Biblia naona mtihani.

Mwalimu wangu mmoja, padri mpole, alinishauri niende Jumamosi kwa masista wa Kibenedikto waliokuwa na nyumba yao kando ya ziwa. Nilitegemea mawaidha. Sista wa kupokea wageni alinipa kisu, tukamenya viazi. Kengele ilipolia aliweka kisu chini, kiazi kikiwa kimemenywa nusu, akaniambia twende tukasali. Baadaye alinipa mstari mmoja tu wa zaburi, niutafune taratibu kama mua, nisiuchambue. Niliutafuna hadi alasiri, nikarudi nyumbani, mtaa wa Nengo, nikiimba njiani.

Tangu hapo Jumamosi zangu zikawa hivyo. Shangazi, ambaye nilikaa kwake, akaingiwa na wasiwasi. Alikuwa Mwislamu, mjane, muuza vitenge mpakani, kati ya Gisenyi na Goma, na alikuwa amesikia kwamba masista wakimpata msichana harudi tena kwao. Jumamosi moja hakwenda sokoni. Alijifunga kitenge chake kizuri kuliko vyote, akasema atanisindikiza.

Tulipofika, sista yule alileta birika na beseni, akammiminia maji mikononi. Shangazi akaninong'oneza, akiuliza kama wanajua yeye si wa dini yao. Sista alisikia, akatabasamu, akasema kwao kila mgeni hupokewa kama Kristo.

Kengele ya adhuhuri ikalia. Masista wakaacha majembe bustanini, wakaja wakinawa mikono. Nilimweleza shangazi kwamba huwa wanasali hivyo kila siku kwa saa zilizopangwa, kazi iwe imeisha au haijaisha.

"Kumbe nao iko na adhana yao," akasema. "Na mi saa yangu imefika."

Sista alimfungulia chumba kidogo, akamtandikia mkeka safi, akamwacha augeuze mwenyewe kuelekea kaskazini. Mimi nikaingia kanisani. Niliimba zaburi nikijua kwamba nyuma ya ukuta ule shangazi yangu anasujudu, na kifua changu kikawa chepesi kabisa. Sala ilikuwa imerudi.

Mezani palikuwa na ugali na sambaza, wale dagaa wa ziwani. Shangazi alikula, akabishana na mpishi juu ya mafuta, wakacheka hadi sista mkuu akachungulia.

Tukiwa njiani kurudi ndipo alipofungua moyo.

"Soma dini yako mpaka mwisho, mwanangu. Pale iko watu ya Mungu. Lakini sambaza hawajui kukaanga. Jumamosi nitaenda kuwaonyesha."

Na kweli alikwenda, zaidi ya mara moja. Siku niliyopokea diploma alikaa kati ya masista wawili, akapiga vigelegele kabla jina langu halijaisha kusomwa.