Mfinyanzi Aliyekidai Chetezo Changu

Wasomaji wangu, mfinyanzi wetu wa Kijapani amefariki. Habari niliikuta kwenye mashine ya simu niliporudi nyumbani kutoka kazini, sauti ya mkewe ikisema polepole, kwa adabu, kana kwamba anaomba radhi kwa kunisumbua. Nilikaa kwenye ngazi na buti zangu za theluji miguuni, nikalia. Halafu, Mungu anisamehe, nikacheka, maana jambo la kwanza lililonijia akilini ni kwamba sasa sina tena mtu wa kunidai chetezo changu.

Wengi wenu mlimwona bila kumjua. Ndiye yule mzee mwembamba, aproni imegandwa na udongo, aliyekuwa akija mgahawani kwetu huku ughaibuni, Burnsville, hali, hanywi, anaomba majivu. Ndiyo, majivu ya jiko la mishkaki. Mara ya kwanza mume wangu alidhani ni mganga. Kumbe wafinyanzi wa kwao huyachekecha majivu, wakayakoroga na maji na udongo, wakakipaka chombo kabla ya kukichoma, na moto ukiyayeyusha yanang'aa kama kioo. Mume wangu akamjazia ndoo. Baada ya siku chache mzee akairudisha ndoo imejaa vile vile, akainama, akasema kwa heshima zote kuwa majivu yetu yana mafuta mengi ya mbuzi. Makubwa! Mtu anaomba majivu, halafu anachagua! Tangu hapo tukawa marafiki.

Binti yangu alipoposwa, nikakumbuka kuwa chetezo nilichotoka nacho Mombasa kilivunjika tulipohama kutoka mji wa New Hope. Binti mwenyewe, aliyekulia hapa, akanijibu kwa Kiingereza chake kwamba manukato ya chupa yanatosha. Yanatosha nini? Mimi nilitolewa kwetu nikiwa nimefukizwa udi, mama yangu alitolewa hivyo hivyo, nami sikuvuka bahari yote ile nije nimtoe mwanangu akinukia duka. Nikamwendea Mjapani, nikamchorea: mguu, tumbo, mdomo mpana wa kushika makaa. Akaelewa mara moja. Kwao pia wanachoma udi, ingawa kidogo kidogo, kama watu wanaoogopa majirani.

Tabia yake moja nilikuwa siijui. Kila alipofungua tanuri alishika kila chombo, akakigeuza, akakigonga kwa ukucha na kukisikiliza, na kisichomridhisha alikipiga nyundo papo hapo. Nilifika karakana Ijumaa, harusi kesho, nikamkuta kashika chetezo changu mkono mmoja na nyundo mkono wa pili. Kilikuwa kimekwenda upande motoni. Kidogo tu, kama mtu anayetega sikio asikie umbea.

"Kibaya," akasema.

"Kibaya kwa nani? Hebu lete hapa!"

"Watu wataona ni kazi yangu, Mama."

"Nitawaambia nimekifinyanga mwenyewe. Babu, mwanangu anaolewa kesho!"

Akanitazama, akashusha nyundo, kwa sharti kwamba akitengeneza kingine nimrudishie hiki akivunje. Nikamjibu inshallah, na ninyi mnaijua inshallah ya namna hiyo. Binti akafukizwa. Kengele ya moshi ya jengo zima ikalia, majirani wakatoka nje na slipa kwenye baridi, na yule yule wa manukato ya chupa akasimama katikati ya moshi analia, kanishika mkono haniachii.

Baadaye akaniletea kingine, kimenyooka hadi kinatisha. Nikakataa kubadilishana, kwa sababu hiki cha kwanza ndicho kilichomtoa mwanangu. Akaondoka nacho kanuna, kikanunuliwa na bwana mmoja wa Golden Valley, ambaye amekijaza maua makavu. Kuanzia hapo salamu yetu ikawa hiyo: yeye, "Utakileta lini?" na mimi, "Nyundo haijaota kutu tu?"

Nilimcheka kwa ukaidi ule, lakini nilimheshimu. Sisi wa huku tunafanya kinyume chake. Tunapiga deki ofisi za watu, kisha tunapiga picha tumeegemea gari la mwenzetu na kuituma nyumbani. Kilichopinda hatukivunji wala hatukinyooshi, tunakitupia kanga juu. Yeye hakuficha kitu. Alichoona hakifai alikimaliza, akakaa tena kwenye gurudumu lake, mzee wa umri ule, na mgongo unamuuma.

Nilipokwenda kutoa pole, mkewe alinitilia chai kwenye kikombe cha bure cha kituo cha mafuta. Nikatazama rafu, nikatazama kabatini. Hakuna kitu. Nyumba ya mfinyanzi! Nikashindwa kujizuia, nikamuuliza vikombe vya bwana viko wapi. Akasema vizuri viliuzwa vyote, maana ndivyo vilivyowalisha, na vibaya alivivunja vyote. Halafu, macho yake yapo mezani, akaniuliza kama bado ninacho kile kilichokwenda upande.

Nilijifanya natafuta glavu zangu ili asinione. Kesho yake nikampelekea. Nilitaka kukifuta masizi kwanza, akanizuia. Chini ya mdomo kuna kibonyeo ambacho mimi, miaka yote hiyo ya kukitumia, sikuwahi kukitilia maanani: dole gumba la mumewe, udongo ulipokuwa bado mbichi. Yeye alikiona mara moja. Akaweka dole lake pale, akalituliza hapo, na mimi nikaona nivae koti niondoke.

Ndugu zangu, kuwa mkali na kazi yako, vunja, anza upya, sina neno. Lakini kabla hujainua nyundo, muulize kwanza wa nyumbani kwako kama anakitaka.