Krismasi Tuliyomfuata Mama Ziwani

Desemba iliyopita nilishuka ziwani kwa gari, wanangu wawili wakiwa kiti cha nyuma. Tulipoanza mteremko wa kuiacha milima ya Umatengo masikio yakaziba, kama yanavyoziba siku zote, na binti yangu akaniuliza kama amekuwa kiziwi. Nikamwambia ameze mate. Ndipo nikakumbuka kuwa maneno hayo niliambiwa na baba nikiwa na miaka tisa, nimekaa juu ya gunia la maharage ndani ya lori. Wanangu sikuwasimulia siku ile. Ni kisa kirefu, na walikuwa na njaa. Wewe nitakusimulia.

Nyumbani kwetu ni Matiri. Baba alikuwa Mmatengo, mkulima wa kahawa na mahindi, mtu ambaye angeweza kupalilia kutwa nzima bila kusema neno. Mama alitoka Mbaha, kule chini ziwani, kwa watu wa samaki na muhogo. Kwao walikuwa Waanglikana, kwa baba Wakatoliki, na mama alipoolewa alihamia upande wa baba kwa kila kitu: kanisa, chakula, lugha. Kinyasa cha kwao alikizungumza peke yake tu, akipuliza moto. Mara moja moja bibi, mama yake, alituma kifurushi cha dagaa kwa mtu anayepanda mlimani. Shangazi yetu, dada mkubwa wa baba, ambaye nyumba yake ilitazamana na yetu, alikuwa akifunga dirisha siku mama anapowakaanga.

Desemba ya Matiri ni ukungu na mvua. Asubuhi tulikwenda kung'oa magugu kwenye ngolo, yale mashimo tunayolima nayo milimani, na tukarudi na matope mpaka magotini, masweta yakinuka moshi wa kuni mbichi. Lakini wiki ya mwisho kabla ya Krismasi kazi ya shamba ilisimama. Mama alichota udongo mweupe, sisi tukaukanyaga kwa miguu mpaka ukalainika, naye akasiriba kuta kwa viganja. Ukisogea karibu uliona alama za vidole vyake kuanzia mlangoni hadi kona ya nyuma. Halafu yalifuata maandazi, na jogoo ambaye mimi na mdogo wangu tulikuwa tumeshampenda kupita kiasi.

Mwaka ninaousema haikuwa hivyo.

Mwezi wa tano mama alikuwa amejifungua mtoto wa tatu, wa kike kama sisi. Sisi wawili tulipewa majina ya ukoo wa baba. Mama akasema huyu ni zamu yake, aitwe jina la bibi wa Mbaha. Shangazi akasema majina ya ukoo hayagawanywi kama maharage. Baba akasema tusubiri kidogo. Wakasubiri. Siku ya tisa mtoto akapata homa, na kabla ya jua la saa sita akawa amefariki. Wanawake walimzika mchana ule ule, kati ya mibuni, na hakuna aliyemtaja kwa jina kwa sababu hakuwa nalo. Wakati wananawa mikono nilimsikia shangazi akimwambia mama, kwa sauti ya upole kabisa, "Afadhali hukuwa umemwita. Utasahau upesi."

Kahawa ilikuwa inaiva, na watu wakaenda kuchuma. Mama naye alichuma. Alimwomba baba ruhusa ya kwenda kwa mama yake wiki chache tu. Baba alisema tumalize kuchuma. Kisha tumalize kuanika. Kisha mvua zikaanza, tukawa tunapanda. Nadhani hakuwa mkatili. Alidhani huzuni ni kama kazi nyingine za mwaka, ukiisogeza mbele itapata nafasi yake.

Wiki ya kwanza ya Desemba mama alipika uji, akatusuka nywele sote wawili vizuri kuliko kawaida, akavaa kitenge chake cha kanisani. "Mtamsikiliza baba yenu," alisema. Aliondoka kwa miguu. Nilimtazama mpaka ukungu ukamficha, na kwa kweli haukuhitaji muda mrefu.

Baba alitupikia. Ugali wake ulikuwa na mabonge ya unga mkavu katikati, na mboga aliichemsha mpaka ikapoteza rangi. Mdogo wangu, aliyekuwa na miaka mitano, alilala na sweta la mama na hakutaka lifuliwe. Shangazi alikuja kila jioni. Siku moja alimwambia baba, sisi tukiwa hapo hapo tunachambua maharage, kwamba mwanamke aliyeondoka bila kuagwa harudi, na kwamba kabla ya Pasaka angeweza kumtafutia mwingine, mtu wa huku huku. Baba hakujibu. Nilichukua ukimya wake kuwa ni kukubali, na tangu siku hiyo nikaacha kuhesabu siku zilizobaki kufika Krismasi.

Mkesha wa sikukuu, asubuhi, baba aliosha miguu, akavaa koti lake la misa, akatuambia tuvae magauni ya kanisani. Shangazi alituona tukitoka akavuka uwanja haraka.

"Unamfuata? Na sikukuu hii? Watu watasemaje?"

"Watasema nimemfuata," baba alisema, akambeba mdogo wangu mgongoni.

Tulipata lori la maharage. Kadiri tulivyoshuka tulivua masweta, na baba akafungua koti ambalo sikuwahi kuliona likiwa wazi. Baada ya lori tulitembea kwenye mchanga. Mdogo wangu aliposikia mawimbi alisema mvua inakuja. Kulikuwa na dagaa walioanikwa kwenye vichanja virefu, na maembe yameanguka ovyo bila mtu kuyaokota, jambo ambalo kwetu wa milimani lilionekana kama utajiri.

Bibi alikuwa uani, anatwanga muhogo mkavu. Alituona, akaweka mchi chini, lakini hakuja. Baba alichuchumaa mbali, kama inavyompasa mkwe, macho chini. Moshi ulikuwa unatoka kwenye jiko la makuti nyuma ya bibi, na nilijua mama yumo humo, kwa sababu nilisikia kikohozi chake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mmetoka salama?"

"Salama, mama." Nilidhani amemaliza, kama kawaida yake. Kisha akasema, kwa sauti kubwa kuliko umbali ulivyohitaji, "Nimekuletea wajukuu zako. Hawa ni wawili. Wa tatu, wajina wako, tulimlaza kule juu mwezi wa tano. Sikuja kukuambia. Nilikosa."

Bibi alichukua ncha ya kanga akaiweka mdomoni. Kule jikoni kikohozi kilikatika.

Mama alitoka akiwa na unga mikononi. Mdogo wangu alimkimbilia. Mimi nilibaki nimesimama, nimejaa aibu nisiyoielewa. Mama alimtazama baba, akatutazama sisi.

"Hawa wameshakula?" aliuliza.

"Bado," baba alisema.

Hivyo tukala. Ugali wa muhogo, unaonata na kuteleza, ambao baba aliumeza kama mtu anayekunywa dawa, akaomba tena. Samaki walikuwa magege, mmoja kwa kila mtu, na bibi alitutolea miiba kwa vidole. Kesho yake baba alikaa benchi la nyuma katika kanisa lisilo lake, akasimama watu walipokuwa wanapiga magoti, akapiga magoti walipokuwa wanaketi. Mama, kiti cha mbele, aligeuka kumtazama, akacheka mpaka mabega yakatikisika. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tano.

Hakurudi nasi, hata hivyo. Alibaki kwa mama yake mpaka katikati ya Januari, kama alivyokuwa ameomba tangu mwanzo, na baba hakumhimiza. Siku aliporudi alikaanga dagaa, milango yote wazi. Shangazi hakufunga dirisha.

Nilipokuwa mtu mzima, nimeshazaa, nilimuuliza mama kama alikuwa na nia ya kurudi. Alikuwa anachambua mchele, wala hakuinua uso. "Hapana," alisema. "Nilikuwa nimemaliza. Halafu nikamsikia anamtaja." Hatukulizungumza tena.

Baba alifariki miaka michache baadaye. Katika mazishi mtu mmoja wa ukoo alisoma historia ya marehemu, akafika pale pa kawaida: ameacha mke na watoto wawili. Mama alikuwa ameketi mkekani na wanawake wengine. Alisimama. Mjane hasimami wakati huo, na watu waligeuka.

"Alizaa watatu," alisema. "Mmoja alitangulia. Soma vizuri." Akalitaja jina la mtoto, akakaa. Msomaji alitafuta kalamu mifukoni. Shangazi, mzee sasa, ndiye aliyempa.

Sasa hata mama hayupo, wala bibi, wala shangazi. Desemba iliyopita nilipotafuta uwanja wa bibi kule Mbaha nilikuta nyumba ya matofali ya watu wengine, na msichana mmoja aliyenisalimia vizuri lakini hakuwa amewahi kulisikia jina la bibi. Kule Matiri mibuni ya zamani iling'olewa, ikapandwa mipya, na mimi na mdogo wangu hatukubaliani mtoto alilazwa mstari wa ngapi. Yeye anasema wa nne. Mimi nasema wa tano. Tukienda pamoja tunasimama katikati ya mistari hiyo miwili.