Kitambaa cha Maji ya Sukari

Juzi, katika duka moja la Mabatini, nilishika kitambaa cha meza cha nailoni. "Hiki hakijikunji, dada," muuzaji alisema. Nikakirudisha kwa hasira, nikikumbuka kitambaa cha mama.

Chake kilifumwa kwa mkono. Mchana mmoja, nilipokuwa mdogo, alikilowesha maji ya sukari, akakibana kwa pini juu ya mto wa kulalia, kikauke kimenyooka kabla wageni wa kumposa dada yangu hawajafika.

"Kiache humu ndani," aliniambia.

Nilichoka kusubiri, nikautoa mto uani kwetu Kirumba, upepo ukikaushe upesi. Moshi mweusi ulipoinuka ziwani, nilidhani meli inakuja. Kumbe ni wadudu wa ziwani, wingu zima, wakinuka dagaa, wakaja hadi uani, wakanasa kwenye ile sukari.

Mama alinipa sindano tu. "Haya, toa mmoja mmoja."

Wageni walipopiga hodi nilikuwa bado natoa, mto mweusi mapajani.