Fundi na Sabufa ya Mzee

Jumamosi, tarehe 14 Juni. Mawingu tangu alfajiri, manyunyu kidogo saa nane.

Fundi wa redio alivua viatu mlangoni akavipanga sambamba. Mke wangu alikuwa amesimama kando ya sabufa ndogo, spika ya besi aliyoachiwa na marehemu baba yake. Tangu tununue nyingine kubwa, tukiziwasha pamoja besi inapotea, na mafundi wawili walishatuambia tuitupe ndogo. Huyu alikuwa wa tatu. Aliwasha moja moja, kila mara akiiwekea kiganja kama anayepima homa ya mtoto. Kisha akaziwasha pamoja, akatambaa sebule nzima, sikio karibu na sakafu.

“Shemeji, mzee wako haumwi,” akamwambia mke wangu, akiionyesha ile ndogo. “Yeye na yule mkubwa wanagombana tu. Mmoja akisukuma, mwenzake anavuta.”

Akabonyeza kiswichi nyuma ya ile ndogo, zote zikaanza kusukuma pamoja. Besi ikarudi, ila kubwa ikaimeza ndogo. Nilidhani ataongeza sauti ya ndogo. Yeye akapunguza ya kubwa, kidogo kidogo, kiganja kikiwa juu ya ile ya mzee.

“Huyu ukimlazimisha atapasuka. Mwenye nguvu ndiye ashuke.”

“Kwa hiyo anabaki?” mke wangu akauliza.

“Anabaki. Labda umfukuze wewe.”

Mke wangu akacheka, akaketi kwa mara ya kwanza tangu fundi aingie.

Jumapili, tarehe 15 Juni. Asubuhi muziki ulikuwa ukicheza nilipomwona fundi nje, akielekea kazini. Hakubisha hodi. Aliweka kiganja ukutani, chini ya dirisha letu, akaipima besi ya mzee kama jana, akaenda zake.