Binti Aliyekuwa Akisoma Masumbwe

Habari zilinikuta hapa Shinyanga nikianua karanga uani: mama lishe wa machimbo ya dhahabu ya Mwakitolyo, aliyenipikia miaka yote niliyofundisha kule, ametutoka. Nilikaa chini na ungo wangu. Kwa kitambo nikawa kama namwona ndani ya lile vumbi jeupe la machimboni, linaloelea juu ya kila kitu mfano wa ukungu, akipakua ugali bila haraka.

Msomaji wangu, kwetu mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake. Ni heshima nzuri, ila asiyezaa huachwa nje yake. Marehemu alikuwa ameachika kwa sababu hiyo, akafika machimboni hajulikani na mtu. Walipomuuliza, "Tukuite mama nani?" akataja jina la binti ambaye hakuwahi kuwapo. Yuko kwa bibi yake Masumbwe, alisema, anasoma. Nasi tukamlea binti yule kwa maneno tu. Tulimuulizia, akapanda madarasa, akaugua surua, akapona. Mpaka leo nahisi naijua sauti yake.

Niliposikia anakwenda shule ya bweni, nikamnunulia sweta la kijani. Mama akalipokea, akashukuru kwa Kisukuma, "Wabeja, mwalimu," akarudi upesi kwenye sufuria zake. Jumapili iliyofuata aliingia kwenye jumuiya yetu ya sala na sweta lile mkononi.

"Huyu mtoto hayupo," alisema. "Sikuzaa. Niliogopa mtaniona si mtu."

Kisha mchimbaji mmoja, mteja wake wa kila siku, akafoka, "Mayu, mama yangu! Na ile surua? Mimi nilifunga siku tatu nikimwombea!" Watu wakaangua kicheko, naye mama lishe akacheka huku analia. Mwenyekiti wetu, mama wa watoto tisa, hakucheka.

"Basi sasa tukuite nani?"

"Jina nililobatizwa. Mungu alinipenda nalo kabla sijaolewa, kabla sijaachika. Hajaniuliza nimezaa nini."

Mwenyekiti akainuka, akalichukua lile sweta, akamvalisha. Lilimbana mabegani. Akalivaa hivyo hivyo mpaka ibada ikaisha.

Haikuwa rahisi baadaye. Wapo waliohamia banda jingine, wakisema hawali kwa mwongo. Lakini nilianza kuona anatusalimia akitutazama usoni, jambo ambalo hakuwa nalo zamani. Nami nikajitazama. Machimboni mtu hupimwa kwa alichotoa ardhini, nyumbani kwa aliowazaa, mjini kwa cheo chake. Hivyo vyote ni vizuri kuwa navyo, lakini duara, shimo la dhahabu, hukauka na cheo hupewa mwingine, na hapo mtu hujiuliza amebaki nani. Injili hujibu taratibu: amebaki yule yule aliyependwa tangu mwanzo, kama mtoto mchanga anavyopendwa kabla hajaweza hata kushika kijiko.

Nimeambiwa kwenye msalaba wa kaburi lake wameandika jina lake la ubatizo peke yake. Wewe unayeishi kwa jina la kuazima, ukihofia siku litakapokuvuka kama nguo, liweke chini tu, ndugu yangu. Anayekupenda alikujua kabla hujaliokota.