Radhi ya Dodoma, Safari ya Tromso

Nianze na sababu, maana nikiwaacha mkisie wenyewe mtasema Mwalimu Mwanaidi kashikwa na wazimu uzeeni. Kwa miaka ishirini na sita nimefundisha jiografia hapa Tanga, na kila mwaka nimesimama mbele ya darasa, chungwa mkono huu na tochi mkono huu, nikiwaonyesha watoto jinsi dunia ilivyoinama, na jinsi kule kaskazini kabisa jua lisivyochomoza mwezi wa Desemba. Kisha nilichora ubaoni mianga ya kaskazini, ile inayocheza angani kwa rangi ya kijani, kwa kipisi cha chaki ya kijani. Kila mwaka mtoto mmoja aliuliza, "Mwalimu, wewe umeiona?" Na kila mwaka nilimwambia akae chini.

Mmoja wa waliokalishwa chini anaitwa Hemedi. Leo ni mtu mzima, ameoa Norway, mji wa Tromso, na anaendesha basi la wanafunzi. Mwaka jana alinipigia simu. "Mwalimu, lile swali langu hujanijibu mpaka leo. Njoo Desemba, chumba kipo, tiketi tutasaidiana." Nilicheka mpaka machozi. Nilipokata simu moyo ukaanza kunidunda, na haukutulia tena mpaka safari ilipokwisha.

Msidhani niliogopa baridi au ndege. Nilimwogopa Mama. Mama yangu ana miaka themanini na kitu, anakaa hapa hapa Tanga, mtaa wa Chumbageni, na mdogo wangu Saumu, na ana presha. Miaka mitatu nyuma nilikwenda semina Mwanza, wiki moja tu. Hakula sawasawa, hakulala, presha ikapanda tukamlaza hospitali. Hiyo ni Mwanza, ndani ya nchi! Sasa Norway? Nikakata shauri nisimwambie kabisa. Aliyejua ni Saumu peke yake, na aliapa hatafungua mdomo.

Uongo wenyewe wala sikuutafuta mbali. Desemba walimu wengi huitwa kusahihisha mitihani ya taifa. Hukaa kambini wiki kadhaa, na humo simu hazitumiki ovyo. Mama anajua, nimeshakwenda mara nne. Nikamwambia, "Mama, mwaka huu wamenipanga Dodoma." Akajibu, "Haya mwanangu, Mungu akusahilishie." Basi. Nilitoka nje kabla hajaniuliza la pili.

Oktoba nikaenda Dar es Salaam kuomba viza. Fomu iliuliza sababu ya safari, nikaandika: kutazama anga. Dada wa dirishani akasoma, akaniangalia, akasoma tena. "Anga tu, mama?" "Anga tu." Akanichukua alama za vidole bila neno jingine, nami nikarudi kwangu Nguvumali, Tanga, nikiwa na hakika wameniona punguani. Wiki tatu nilizosubiri majibu sikuwa mtu. Simu ikilia naruka. Wanafunzi wakinijibu kosa nasema vizuri sana, kaa. Viza ilipotoka nilidhani nitashangilia, kumbe ndiyo hofu ilipata miguu. Sasa ilikuwa kweli.

Novemba nikaingia soko la Tangamano kutafuta koti la mitumba. Kwetu safari haitangazwi kabla haijatimia, husda haipigi hodi, kwa hiyo nilikwenda asubuhi na mapema na kiroba cha kulifichia. Muuzaji akanitolea koti moja la buluu, refu mpaka magotini, kofia yake ina manyoya. "Mama, hili limetoka huko huko kwenye theluji," akasema. "Ukilivaa litakuongoza lenyewe." Nikalibeba. Lakini nitajuaje kama linafaa, na Tanga yenyewe unatoka jasho hata ukiwa umekaa?

Nikakumbuka kule Deep Sea, wanakouza samaki, kuna bwana mwenye chumba kikubwa cha barafu. Nikamwomba anifungie humo robo saa.

"Mwalimu, una tatizo gani?" akaniuliza.

"Nafanya utafiti."

Akanifungulia huku akitikisa kichwa. Nikakaa juu ya kreti, kofia kichwani, katikati ya majodari, nikihesabu dakika na kumwomba Mungu yule bwana asisahau akaenda kula. Koti lilifaulu mtihani. Tatizo likawa harufu. Nililifua mara tatu, nikalifukiza udi, likanuka udi na jodari.

Siku ya kuaga nilikwenda Chumbageni alasiri. Hapa ndipo safari yangu ilipoharibika, ingawa sikujua. Kwetu huondoki safari ndefu bila kuwaomba wazazi radhi. Nikapiga magoti, nikasema, "Mama, nasafiri, niwie radhi." Mama akachukua gilasi ya maji, akasoma, akapuliza, akaninywesha. Kisha akaniweka kiganja utosini. "Radhi yangu unayo, mwanangu. Nenda Dodoma salama, ukae Dodoma salama, urudi salama." Halafu akainuka taratibu kwenda ndani, akaniletea sweta lake la zamani. "Dodoma asubuhi kuna upepo," akasema. Nililia pale pale, naye akanicheka kwamba mitihani tu inaniliza. Saumu alikuwa mlangoni akitazama sakafu.

Saa kumi na mbili asubuhi ya siku ya pili basi likaondoka Tanga. Mpaka tunafika Segera nilikuwa nimeshajiuliza mara mia: radhi niliyopewa ni ya Dodoma. Norway itanifikisha? Mnaweza kucheka. Lakini mtu akiwekewa kiganja utosini akiwa anadanganya, anafanyaje? Dar es Salaam nikapanda ndege ya Doha, Doha nikapanda ya Oslo, Oslo nikapanda ndege ndogo ya kwenda kaskazini. Kila ndege iliponyanyuka nilishika mikono ya kiti nikisema kimoyomoyo, Ee Mola, Mama alimaanisha popote. Jirani yangu wa ndege ya tatu aliinusa hewa, akanitazama, akaomba kuhamishwa kiti. Koti hilo.

Saa nane mchana kwa saa ya huko tukatua Tromso, na taa za barabarani zinawaka. Hemedi alinipokea kwa kicheko. "Shikamoo Mwalimu! Mbona unanuka soko la samaki?" Nikamwitikia marahaba, meno yakigongana. Baridi ilikuwa nyuzi nane chini ya sifuri, na naapa chumba cha barafu cha Deep Sea ni cha kupungia upepo. Lakini kilichonitisha zaidi ni kiza. Nimekifundisha miaka ishirini na sita, nimekitungia maswali ya mtihani, ila mwili haujui jiografia. Saa sita mchana kunapambazuka buluu kidogo, kama alfajiri ya kwetu, kisha hakuna kinachofuata. Nilimuuliza Hemedi anasalije mahali pasipo jua. Akanionyesha ratiba ya msikiti wao ukutani, nami nikasali kwa kufuata karatasi, sina hakika hata kibla nimekipata.

Siku ya kwanza mawingu. Siku ya pili mawingu. Mke wa Hemedi, mwanamke mpole aliyejifunza Kiswahili cha salamu, alinipikia samaki na kunionyesha kwenye simu ramani ya mawingu, akipeleka kidole huku na huku kunipa moyo. Nilikuwa nimeshaanza kuona ni adhabu. Mbingu imefungwa kwa sababu yangu.

Siku ya tatu, kwenye saa tisa mchana, ukaingia ujumbe wa sauti wa Saumu. Alikuwa analia. Habari yenyewe ni hii. Mwalimu Kijazi, ninayefundisha naye, alikuwa amekwenda Dodoma kweli kusahihisha. Kituo chake kikamaliza mapema. Naye, kwa adabu yake njema, akapita Chumbageni kumwamkia Mama na kumletea zabibu. Akauliza, "Mwalimu Mwanaidi yuko wapi?" Mama akamwambia yuko Dodoma, anasahihisha. "Lakini Dodoma hatukumwona." Hiyo ilikuwa siku niliyofika Tromso. Mama akamgeukia Saumu. Saumu, kwa kubabaika, akasema, "Mwanaidi hajambo kidogo, Mama."

Lahaula! Katika maneno yote ya Kiswahili! Kwetu mzee mwenye maradhi hapewi habari ya msiba kwa ghafla. Huambiwa kwanza fulani hajambo kidogo, kesho yake huambiwa amezidiwa, mpaka moyo uzoee. Mama amewaambia watu wengi maneno hayo katika maisha yake. Akayapokea kama yalivyo: Mwanaidi amekufa, na wananificha. Kila Saumu alipoapa kuwa ni mzima, Mama alitikisa kichwa. Siku tatu hajala ila maji. Saumu hakuniambia mapema kwa kuwa hakutaka kuniharibia safari.

Nilipiga simu ya picha nikiwa kwenye ngazi za nje. Kwetu ilikuwa saa kumi na moja jioni, nikaona jua limemwangukia Mama begani. Yeye aliona theluji na kiza, na mimi nimevaa kofia ya manyoya.

"Mwanaidi?"

"Shikamoo Mama."

Hakuitikia. "Mbona huko kweupe? Na mbona kiza, jua bado liko juu?" Kisha akauliza, sauti haitikisiki hata kidogo, "Mwanangu, wewe u mzima au umekufa?"

"Mzima, Mama! Wallahi mzima! Niko Ulaya, Norway, nimekuja kutazama anga. Dodoma sikwenda. Nilikudanganya."

Nilisikia kuku wa jirani na bodaboda inapita. Nikamwambia, "Mama, niwie radhi." Nikarudia. Machozi yalinigandia shavuni, nao si msemo tu, yaliganda kweli.

"Ukirudi," akasema, akampa Saumu simu.

Jioni ile ile, kabla ya chakula, Hemedi akaja mbio: mawingu yamefunguka! Tukaenda kwa gari mpaka ufukweni nje ya mji. Na ikaja. Kwanza ukanda hafifu, kama moshi wa kuni, nikadhani macho. Kisha ukakolea kijani, ukajikunja, ukatanda kutoka mlima huu mpaka mlima ule, pembeni una wekundu, unatembea bila sauti yoyote. Hicho ndicho sikuwahi kukifundisha, kwamba haina sauti. Hemedi akaniuliza taratibu, "Mwalimu, umeiona?" Nikasema, "Nimeiona." Nilitaka kufurahi, masikini mimi. Ilikuwa nzuri kuliko chochote nilichopata kukiona, na muda wote nilimwona Mama na gilasi yake ya maji. Nikavuta mikono ya sweta lake ndani ya koti, nikamwomba Hemedi turudi.

Kurudi nyumbani nilikuta ndiko kugumu. Siku tatu za mwisho mawingu yalirudi, na Saumu aliandika tu: amekunywa uji. Nikauliza, presha vipi? Akajibu: Imeshuka kidogo. Hilo neno kidogo lilinikosesha usingizi. Angani nilimwaza Mama anafariki kabla sijatua, nami naachwa na ile "ukirudi" maisha yangu yote. Dar es Salaam sikupumzika hata saa moja. Nilishuka basi Tanga nikapanda bajaji moja kwa moja mpaka Chumbageni, mizigo na koti mapajani.

Mama alikuwa kitini barazani. Amepungua uso. Nikapiga magoti, nikasema shikamoo.

"Marahaba." Akanishika mikono, akaanza kuvikagua vidole, kimoja kimoja, vyote kumi. Kisha akasema, "Njia ya mwongo fupi, Mwanaidi. Hata wewe hukuyajua hayo, na ualimu wako?"

"Niwie radhi, Mama. Ile uliyonipa ilikuwa ya Dodoma."

Akaniachia mikono. "Nani aliyekwambia? Dodoma simjui mtu. Radhi nilikupa wewe. Na uongo nao hukuiambia Dodoma, uliniambia mimi. Siku tatu nilikusomea Yasini. Nilikuwa nawaza nitakuzika vipi na maiti sijaiona."

Nikaanza kumweleza habari ya presha, ile safari ya Mwanza, jinsi tulivyomwogopea na Saumu.

"Usinisingizie presha," akanikata. "Uliogopa nitakwambia usiende."

Nikainamisha kichwa, maana ndivyo ilivyokuwa. Nimezunguka nusu ya dunia nikijiita mtoto mwema anayemkinga mama yake, kumbe nilikuwa najikinga mimi. Hilo ndilo nililojifunza safarini, na sikulijifunza Tromso. Nikamuuliza, "Kweli, Mama. Ungeniambia nini?"

"Ningelia siku mbili," akasema. "Kisha ningekwambia nenda."